Swali Lililosomwa na Wote

Daftari la mihtasari ya kamati ya msikiti wetu hapa Moshi mjini ninaliandika kwa mkono wangu, na nakiri kwamba nimekuwa nikijivunia mwandiko wake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 niliandika humo tangazo, nikalisoma baada ya swala ya Ijumaa, kisha nikalituma katika simu za waumini: "Darasa la akina mama litafanyika usiku wa Ijumaa, saa 2, kwa njia ya mtandao. Maswali yote yanakaribishwa. Wabillahi tawfiq." Mzee mwenyekiti aliniitikia kwa kichwa. Mimi nami sikuona dosari yoyote. Leo nikilisoma tangazo lile naona kwamba karibu kila neno lake lilimpoteza mtu, na kwamba maneno yale matatu, "maswali yote yanakaribishwa", yalimpoteza dada mmoja kwa muda wa miezi minne.

Nimemwomba dada huyo ruhusa ya kuyaandika haya kwa kupitia kwa mke wangu, naye ameridhia kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kijiji chake. Nitasema tu kwamba anaishi upande wa Rombo, juu kidogo ya barabara ya lami, katika kihamba cha mumewe chenye migomba na mikahawa. Mumewe ni dereva wa malori na sehemu kubwa ya mwezi huwa safarini. Dada mwenyewe alisilimu miaka michache iliyopita. Jirani zake wa karibu ni Wakristo, watu wema wanaomkatia majani ya ng'ombe anapougua, lakini si watu ambao angeweza kuwauliza juu ya tahara na swala. Kwake yeye Uislamu wa kila siku ulikuwa ndani ya simu.

Kufundisha kwa mtandao hatukukuanza kwa kupenda. Mwezi Machi 2020 serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona, nasi tulisimamisha madrasa yetu, na Ustadhi akawa anatuma masomo katika simu za wazazi. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka ule, watoto walirudi jamvini, tukamshukuru Allah na tukayasahau mambo ya simu. Ambao hawakusahau ni akina mama. Mama anayeshuka kutoka Mwika, Mkuu au Tarakea kuja kwenye darsa mjini hutoa nauli ya kwenda na kurudi, huipoteza siku nzima, na ni lazima ampate mtu wa kumwachia watoto na mifugo. Walikuwa wameonja somo linalowafuata jikoni. Wakaliomba tena, na kamati ikakubali kwa kauli moja.

Mimi ni mhitimu wa chuo cha Kiislamu. Tulisoma huko adabu za mwalimu na mwanafunzi kwa kirefu: namna ya kuketi, namna ya kuuliza, namna ya kunyamaza mwalimu anaponyamaza. Yote hayo yalichukulia kwamba wawili hao wanaonana. Nilipokabidhiwa jukumu la kuratibu darasa la simu nilidhani kwamba kazi ni kutafuta kiungo na kukituma, na kwamba yaliyobaki ni ya mwenye elimu.

Wiki ya kwanza ilitufundisha upesi. Ustadhi wetu ni mtu wa pwani. Kwake yeye, kama ilivyo katika sheria yetu, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Akina mama wengi waliolelewa mlimani na kusoma shule za serikali waliuelewa usiku wa Ijumaa kuwa ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Alhamisi Ustadhi aliketi mbele ya simu na wanafunzi watatu. Siku iliyofuata wanafunzi wengi zaidi walikaa wakimsubiri yeye, hadi walipochoka wakaandikiana kwamba mwalimu hakufika. Ama ile saa 2, kiungo cha Zoom kiliiandika 8:00, na wawili wakaacha sufuria jikoni saa 8 mchana wakaenda kuketi na simu zao. Binti yetu mmoja anayefanya kazi Muscat, ambako saa imetangulia ya kwetu kwa saa 1, naye akatuwahi. Tulicheka sana juu ya hayo. Kicheko kile kilitudhuru, kwa sababu kilitufanya tuamini kwamba tatizo lilikuwa ni saa tu, na kwa kuwa saa tumeirekebisha, basi mambo yametengemaa.

Hayakuwa yametengemaa. Zoom isiyolipiwa hukatika dakika ya 40. Sisi wa kamati tulilijua hilo, akina mama hawakuambiwa. Usiku mmoja mwanafunzi aliuliza jambo ambalo Ustadhi alikuwa ametoka kulieleza, akamjibu kwa sauti ya uchovu kidogo, na papo hapo dakika ya 40 ikatimia. Kila mmoja alibaki anatazama kioo cheusi. Walisadiki kwamba mwalimu amekasirika na kukata. Yeye alisadiki kwamba wameelewa na kwenda kulala. Wiki iliyofuata hakuna aliyeuliza kitu, na Ustadhi akaniambia kwa masikitiko kwamba akina mama wa siku hizi hawana shauku ya elimu.

Bando nalo likaleta yake. Tuliacha Zoom, tukahamia katika kundi la WhatsApp, na Ustadhi akawa anatuma ujumbe wa sauti. Alizungumza kama anavyozungumza mimbarini, dakika 25 bila kupumzika, na baada ya hapo nyongeza, na baada ya nyongeza sahihisho. Naye alikuwa na nia njema kabisa. Tumepokea katika Bukhari kwamba Ibn Mas'ud (r.a.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi, na mtu mmoja alipotamani awawaidhi kila siku alikataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kwamba hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwachungia nafasi. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu chuoni. Sikuwahi kuifikiria pamoja na kifurushi cha mtu anayenunua bando la siku moja kwa fedha za mayai.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe.

Kundi lile la akina mama lilikuwa na wanaume wanne ndani yake: Ustadhi, mwenyekiti, mhazini na mimi. Tulijiweka humo, kama tulivyoandika katika mihtasari, kwa ajili ya kusimamia nidhamu. Mwezi Machi, wiki chache kabla ya Ramadhani, ujumbe uliingia saa 5 za usiku. Ulikuwa mfupi na wa heshima. Mwandishi alitoa salamu, kisha akauliza: damu ikizidi siku zake za kawaida na ikaendelea, mwanamke aswali au asubiri?

Niliusoma. Nikaona haya, nikauruka, nikajiambia kwamba mwenye kujibu ni Ustadhi. Mzee mwenyekiti aliusoma pia, na baadaye aliniambia kwamba alijihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Mhazini naye vivyo hivyo. Ustadhi aliusoma asubuhi. Hakutaka kulizungumzia jambo lile mbele ya wanaume wengine, na kumwandikia faraghani mke wa mtu bila mumewe kujua aliona si adabu. Alinuia kumpa mkewe ajibu. Mkewe alikuwa Tanga akimuuguza binti aliyejifungua. Kisha Ramadhani ikaingia, na mwalimu wa msikiti katika Ramadhani hana saa iliyo yake. Wanafunzi wenzake nao walisoma, na wengine, nilivyokuja kuambiwa, walilisubiri jibu hilohilo kwa ajili ya nafsi zao.

Wanaotumia WhatsApp wanajua kwamba katika kundi zile alama mbili hugeuka buluu pale tu ambapo kila mmoja ameufungua ujumbe. Siku ya tatu ziligeuka. Dada yule aliziona. Aliyekuwa peke yake mlimani alijua kwa yakini kwamba wote wamemsoma, na kwamba wote wamenyamaza.

Mtu akinyamaziwa na watu anaowaheshimu hulijaza mwenyewe lile pengo. Yeye alilijaza kwa tafsiri mbili. Ya kwanza, kwamba ameuliza jambo la aibu. Ya pili, kwamba kama kuswali kungekuwa ni wajibu wake katika hali ile, wangeharakisha kumwambia. Kwa vile hawakusema, basi ni kusubiri. Akasubiri. Machi ikaisha bila swala. Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Aprili pamoja na mvua za masika, naye hakufunga. Na hapa ndipo ninapoona uzito kila ninapokumbuka: darasa hakuliacha. Nyumbani kwake simu hurukia mtandao wa Kenya na kumaliza salio, kwa hiyo kila Alhamisi jioni aliteremka hadi kwenye kituo cha bodaboda, akajikinga mvua chini ya kibanda, akapakua somo la wiki, akapanda tena kulisikiliza. Ramadhani ile masomo yote yalikuwa ya funga. Aliyasikiliza yote, mwezi mzima, akiwa hafungi.

Mimi katika daftari langu nilimwandika miongoni mwa wanafunzi wenye mahudhurio mazuri.

Idd el-Adha ya mwaka ule ilikuwa mwezi Julai, wakati ambapo ukungu hushuka hadi barabarani na Kibo na Mawenzi haviонekani kwa siku kadhaa. Baada ya kuchinja tulipanda Rombo na nyama ya udhiya kwa familia zilizo mbali na misikiti, na mke wangu alifuatana nami kwa kuwa baadhi ya nyumba hizo ni za wanawake walio peke yao. Katika nyumba ya dada yule mimi nilibaki uani na watoto. Mke wangu aliingia jikoni kusaidia kuipanga nyama. Walikaa humo kiasi kwamba nilianza kutazama saa.

Tuliporudi hakusema neno. Tulipita Mwika, tukapita Marangu Mtoni, tukafika Himo, gari likasimama kupakia abiria. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Baba watoto, unalikumbuka lile swali la mwezi wa tatu kwenye kundi?"

Nikamwuliza ni swali lipi.

"Basi nyinyi mmelisahau. Mwenzenu hadi leo anasubiri mmjibu. Hajaswali tangu usiku ule."

Sikupata la kusema hadi tulipofika stendi.

Jibu lenyewe, ndugu msomaji, halihitaji mwanachuoni mkubwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii hedhi haizidi siku 15. Mwanamke ambaye damu yake imepita mpaka huo na alikuwa na ada yake inayojulikana hurejea kwenye ada ile, huoga siku zake zinapokwisha, kisha hujisafisha na kutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akaswali na akafunga, hata kama damu inaendelea. Fatma bint Abi Hubaish (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa swali hilohilo, naye akamweleza pale pale kwamba hiyo ni damu ya mshipa na si hedhi, na akamfahamisha lini aache swala na lini aoge aswali. Hakuambiwa arudi siku nyingine. Lingekuwa ni ujumbe wa sauti wa dakika 2. Tena mwalimu mwenye busara angeongeza neno moja juu ya hospitali, kwa maana damu ya namna hiyo ni dalili inayotaka kuangaliwa. Mke wangu ndiye aliyelisema neno hilo, jikoni, na ndiye aliyempeleka wiki iliyofuata. Alhamdulillah, alitibiwa akapona.

Niliitisha kikao baada ya swala ya Isha. Nakiri kwamba niliingia nikiwa nimejitayarisha kujitetea: nilikuwa na daftari mkononi, na ndani yake imeandikwa kwa wino kwamba maswali yote yanakaribishwa. Nilipomaliza kueleza, Ustadhi aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Msikitini ningeliona pazia likitikisika."

Waliozoea misikiti yetu watamfahamu. Akina mama wakiwa nyuma ya pazia na mmoja wao ana swali, pazia hutikisika, mtoto huchomoza na kikaratasi kilichokunjwa, mwalimu husoma, hutabasamu au hukunja uso, na hujibu bila kumtaja mtu. Mtoto asipotokea, mwalimu bado husikia minong'ono na hujua kwamba hapa pamewatatiza. Hakuna aliyeyaandika hayo kama utaratibu, na wala hayakuhitaji kuandikwa. Tulipohamia kwenye simu tulihamisha somo, tukaliacha pazia na kile kikaratasi msikitini.

Mzee mwenyekiti, ambaye kwa kawaida huzungumza mwishoni, safari hii alitangulia. Alituambia kwamba sisi vijana tunadhani kufundisha watu wa mbali kumeanza na simu. Mwaka 1973, alipokuwa mvulana, babake alimchukua kwenye kikundi cha kusikiliza redio cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ya elimu ya watu wazima iliendeshwa kwa wiki 12 na ilifikia takriban watu milioni 2 nchini kote. Mwalimu alikuwa Dar es Salaam, ndani ya redio, hamwoni mtu wala hasikii swali la mtu. Lakini kila kikundi kilijua siku yake, saa yake, na ukurasa wa kitabu utakaosomwa, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kabla, mwenyeji wa palepale, anayeketi nao redio inapozimwa. "Redio haikuweza kutujibu," mzee alisema, "na waliokuwa wakituletea walilijua hilo. Wakatuwekea mtu wa kutujibu. Babangu alichimba choo mwaka ule kwa sababu ya jirani aliyeketi naye, si kwa sababu ya redio."

Nilirudi nyumbani usiku ule nikafungua Surat al-Kahf, pale Nabii Musa (a.s.) alipomwomba yule mja mwema, ambaye wafasiri wanamtaja kuwa ni Khidhr, amfuate ili ajifunze. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo Ijumaa nyingi nisizoweza kuzihesabu, na siku zote nilitazama jahazi, mvulana na ukuta. Safari hii nilisimama kabla ya jahazi. Mwalimu anamwambia mwanafunzi mapema kwamba hataweza kustahamili naye. Kisha anamwekea sharti juu ya jambo moja mahususi, nalo ni maswali: asimwulize chochote mpaka yeye mwenyewe aanze kumweleza. Musa analikubali kabla ya kupiga hatua. Sharti lile ni gumu, na Musa hakuliweza. Lakini hakuna wakati wowote katika safari ile ambapo alikuwa hajui ukimya wa mwalimu wake una maana gani. Dada yetu alinyamaziwa bila sharti, na kwa tangazo lililomwambia kinyume chake.

Tuliyoyabadilisha ni machache na hayana ujanja. Kwanza wanaume tulitoka katika kundi. Mhazini hakulipenda jambo hilo, na mume wa mmoja wa wanafunzi alinipigia simu akitaka yeye aingizwe badala yetu, apate kujua mkewe anafundishwa nini. Nilimjibu kwamba masomo yote atatumiwa yeye pia, lakini maswali ya akina mama hatatumiwa. Hakuridhika, na mkewe aliondoka darasani. Hilo hadi leo sijapata ufumbuzi wake, na sidhani kwamba tulikosea. Akina mama wenyewe kuomba siku yao si jambo geni. Bukhari amepokea kwamba wanawake walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaume wamewazidi kwa kuwa naye, na yeye akawapangia wakutane siku fulani, mahali fulani, akawaendea akawafundisha. Siku na mahali, vyote viwili, vilitajwa.

Somo linatumwa Alhamisi, na tangazo sasa linasema "Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, saa 2 usiku baada ya Isha, saa za Moshi". Mke wangu alilicheka kwa urefu wake. Ustadhi hazidishi dakika 6 kwa ujumbe mmoja, wala jumbe 3 kwa wiki. Mwanzoni alilalamika kwamba elimu haipimwi kwa mizani ya dukani. Baada ya mwezi alikiri kwamba dakika 6 zilimlazimisha ajue anataka kusema nini kabla ya kubonyeza. Umeme ukikatika au mtandao ukisumbua, somo hurudiwa Jumamosi baada ya Alasiri, na hakuna haja ya mtu kuomba radhi wala kueleza. Haya yote tuliyaandika katika ukurasa mmoja, na kwa kuwa wapo wasiosoma kwa wepesi, mke wa Ustadhi aliyasoma kwa sauti yake akawatumia.

Maswali ndiyo tuliyoyashughulikia kwa muda mrefu zaidi. Sasa yanakwenda kwenye simu ya mke wa Ustadhi, ambaye ni mwalimu kwa haki yake na tulipaswa kumwomba tangu siku ya kwanza. Anayajibu anayoyajua, na asiyoyajua anamfikishia mumewe bila kutaja muulizaji. Sharti tuliloliweka juu yetu sisi, si juu ya wanafunzi, ni kwamba kila swali lipate neno siku hiyohiyo. Si lazima liwe jibu. Likiwa gumu, muulizaji anaambiwa kwamba limefika, liko kwa nani, na siku gani atapata jibu. Na kama ni suala la swala yake ya leo, anaambiwa afanye nini wakati anasubiri. Kwa kufuata maneno ya mzee, kila upande wa mlima una mama mmoja anayewajua wenzake kwa sura, na ambaye mtu akinyamaza wiki mbili anakwenda kubisha hodi.

Nami nikatenga kurasa za mwisho za daftari langu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ile ya al-Baqara inayotuamuru kuandika deni na muda wake, liwe dogo au kubwa, na mimi ni katibu, kuandika ndiyo kazi ninayoijua. Nimechora mistari: siku swali lilipofika, liko kwa nani, siku lilipojibiwa. Maneno ya swali siyaandiki, na jina siliulizi. Safu ya tatu ikiwa tupu kwa siku mbili, ninapiga simu.

Ustadhi alikwenda Rombo mwenyewe pamoja na mkewe, mume wa dada yule akiwa nyumbani, akaomba msamaha mbele ya mumewe. Akamweleza kwamba mwezi wa Ramadhani ni lazima aulipe, na kwamba katika swala zilizopita kwa kutojua wanazuoni wana maneno. Dada alichagua kuzilipa, faradhi moja ya nyuma pamoja na kila faradhi ya leo. Funga zake alizimaliza kabla ya Ramadhani iliyofuata. Mke wangu aliniambia kwamba alitaka pia kujua kama Ustadhi angepata dhambi kwa ajili yake, na alikuwa akimwombea.

Siku hizi yeye ndiye mama wa upande ule, anayebisha hodi. Alhamisi iliyopita mke wa Ustadhi alinisomea kwenye simu swali lililotoka kwake, kwa kuwa halikuwa la siri: msimu wa kahawa umefika, jirani yake aliyesilimu mwaka huu anauliza kama kahawa aliyoipeleka kwenye chama cha ushirika ina zaka, na kama ipo, inatolewa katika kilo au katika fedha. Mke wa Ustadhi alikuwa ameshamwandikia kwamba swali limefika, liko kwa Ustadhi, na jibu ni Jumamosi baada ya Alasiri. Niliandika tarehe katika safu ya kwanza, nikaandika jina la Ustadhi katika ya pili, nikaliacha daftari wazi juu ya meza.